Makaa ya Mawe na Hesabu ya Ukuaji: Swali la Umeme Silo Swali la Saruji

Ukimtuma mtoto wa Kisauni akanunue makaa, atarudi na mfuko wa makaa ya miti kutoka kibanda cha jirani, na hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa hayo ndiyo makaa tunayoyajua: hupimwa kwa mkebe au kwa debe, huwashwa kwenye seredani, na moshi wake umezoeleka katika kila mtaa wa Mombasa. Kilomita chache kutoka hapo, bandarini Kilindini, hushushwa makaa ya aina nyingine ambayo wakazi wengi wa mji huu hawajawahi kuyashika mkononi. Haya ni makaa ya mawe, yanayoletwa kwa meli, hasa kutoka Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya safari yake huishia katika matanuri ya viwanda vya saruji. Lugha yetu imeyapa makaa haya mawili jina moja, na mara nyingi mjadala kuhusu uchumi na mabadiliko ya tabianchi hukwama hapo hapo mwanzoni, kwa kudhani kwamba kinachowaka ni kile kile.

Ukaa, yaani kaboni, ulio ndani ya makaa ya miti ulivutwa na mti kutoka angani katika kipindi cha miaka michache au makumi ya miaka. Mti ukikatwa na kuchomwa, ukaa huo unarudi angani, na mwingine ukiota mahali pake utauvuta tena. Tatizo la makaa ya miti ni kwamba mara nyingi hakuna anayepanda huo mwingine. Makaa ya mawe ni mimea iliyozama kwenye vinamasi, ikafunikwa kwa matope, ikabanwa na kupata joto chini ya ardhi mpaka ikageuka jiwe jeusi. Sehemu kubwa ya makaa ya Afrika Kusini ina umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Kwa hiyo kuyachoma ni kuingiza angani ukaa ambao ulikuwa umekwisha kutoka katika mzunguko, na hakuna msitu wa leo unaoungojea.

Uzito wake nao huwashangaza watu. Tani moja ya makaa ya mawe ya kawaida hutoa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi. Hakuna mazingaombwe hapo: kila chembe ya ukaa inapowaka hushika chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito, kiasi kwamba kilo 12 za ukaa halisi huzaa kilo 44 za hewa ya ukaa. Kabla ya viwanda kuanza Ulaya, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo takriban 280 za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Katika hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani, karibu asilimia 40 hutoka kwenye makaa ya mawe peke yake.

Basi kwa nini nchi zinazoinukia kiuchumi bado zinayang'ang'ania? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba makaa ya mawe ni rahisi kwa bei. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Makaa ya mawe yanaweza kurundikwa uani na kungoja miezi mitatu, jambo ambalo jua na upepo haviwezi. Yanatoa joto kali mno, linaloyeyusha chuma na kuoka saruji. Zaidi ya hayo, nchi nyingi zenye watu wengi na kipato kidogo zimejikuta zimeyakalia: China, India, Indonesia na Afrika Kusini zote zinayo chini ya ardhi yao, na kuyachimba hakuhitaji fedha za kigeni kama kununua mafuta kutoka Ghuba. Waziri wa fedha ambaye shilingi au rupia yake inayumba huiona hoja hiyo ya mwisho kabla hajaiona nyingine yoyote.

Ili kuelewa uhusiano kati ya ukuaji wa uchumi na hewa ya ukaa, wataalamu hutumia hesabu fupi iliyopewa jina la mwanauchumi wa nishati wa Japani, Yoichi Kaya. Naona inaeleweka vizuri zaidi tukiitoa katika vitabu na kuipeleka kwa mama anayepika mahamri alfajiri. Moshi unaotoka jikoni kwake kwa siku unategemea mambo manne yanayozidishana: ana wateja wangapi, kila mteja anakula mahamri mangapi, kila hamri linahitaji makaa kiasi gani, na kila kilo ya makaa inatoa moshi kiasi gani. Weka nchi mahali pa jiko, nayo mambo manne yatakuwa idadi ya watu, pato kwa kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha kila shilingi ya pato, na hewa ya ukaa inayotoka kwa kila kipimo cha nishati.

Sasa tuipe hesabu hiyo tarakimu. Wateja wakiongezeka kwa asilimia 2 kwa mwaka, na kila mmoja akaongeza ulaji kwa asilimia 5, huku mama akinunua jiko bora linalopunguza makaa kwa kila hamri kwa asilimia 3, moshi wake bado utaongezeka kwa karibu asilimia 4. Ametumia akili na fedha, jiko lake ni zuri kuliko la jirani, na bado dari ni jeusi kuliko mwaka jana. Ili moshi usiongezeke kabisa, hana budi kupunguza pia moshi wa kila kilo anayochoma, yaani kubadilisha kile anachokichoma. Hakuna mwanasiasa atakayesimama mbele ya wapiga kura na kuwaahidi wateja wachache au mahamri machache, kwa hiyo kazi yote inaangukia mambo mawili ya mwisho, na kati ya hayo ni la nne linaloweza kufika sifuri.

Jambo la tatu, la jiko bora, lina hila yake. Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona mwaka 1865: injini za mvuke zilipoboreshwa zikatumia makaa machache kwa kazi ile ile, Uingereza haikupunguza makaa yake, ilizidisha, kwa sababu mvuke sasa ulikuwa rahisi na kila mtu aliutaka. Mama wa mahamri akiokoa makaa anaweza kushusha bei, na bei ikishuka foleni inarefuka. Hilo halifuti faida ya jiko bora, maana wateja zaidi wameshiba kwa makaa yale yale. Linaonyesha tu kwamba kuokoa nishati na kupunguza moshi ni mambo mawili.

China ndiyo mfano ambao kila upande wa mjadala huutumia, na kila upande huuchukua nusu. Nchi hiyo hutumia zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote duniani, na tangu katikati ya muongo wa 2000 imeipita Marekani kwa wingi wa hewa ya ukaa inayotoa kwa mwaka. Makaa hayo hayakuwasha taa pekee. Yalioka saruji na kuyeyusha chuma cha miji iliyojengwa kwa kasi ambayo dunia haikuwahi kuiona: katika miaka mitatu tu, 2011 hadi 2013, China ilitumia saruji nyingi kuliko Marekani katika karne nzima ya 20. Wakati huo huo hewa ya ukaa kwa kila yuani ya pato la China imekuwa ikipungua kwa miaka mingi, kwa sababu viwanda vyake vimeboreshwa na uchumi umeanza kuegemea huduma. Mtu anayesema China inapunguza ukaa na anayesema inaongeza wanaweza wote wawili kuwa wakweli: mmoja anapima kwa kila yuani, mwingine anapima jumla, na anga haijui yuani ni nini.

Mwaka 2024 China ilifunga mitambo ya umeme wa jua ya gigawati 277 hivi, kiasi ambacho hakuna nchi nyingine iliyowahi kukikaribia kwa mwaka mmoja, na mwaka huo huo ilianza kujenga mitambo mipya ya makaa ya mawe kwa wingi. Maelezo ya ukinzani huo yamo zaidi katika siasa za ndani kuliko katika uhandisi. Baada ya umeme kukatika katika mikoa kadhaa mwaka 2021, viongozi wa mikoa hawakutaka kulaumiwa tena, na mtambo wa makaa ya mawe unaokaa tayari ni bima ambayo kila gavana anaielewa. Mtambo unaweza kujengwa na kuwashwa saa chache kwa siku. Kwa hiyo idadi ya mitambo na wingi wa makaa yanayochomwa ni vitu viwili vinavyoweza kwenda njia tofauti, na ni hicho cha pili kinachoingia angani.

India iko hatua kadhaa nyuma katika safari hiyo. Takriban robo tatu ya umeme wake hutokana na makaa ya mawe, na katika mwaka wa fedha wa 2024/25 uchimbaji wake ulivuka tani bilioni moja. Hata hivyo, Mhindi wa wastani hutoa kama tani mbili za hewa ya ukaa kwa mwaka, ilhali Mchina hutoa zaidi ya nane na Mmarekani hutoa kama 14. Mkenya yuko karibu na nusu tani. Ndiyo maana mwaka 2021, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi uliofanyika Glasgow, India ilisimama dakika za mwisho na kudai maneno ya azimio yabadilishwe, ili nchi ziahidi kupunguza taratibu umeme wa makaa ya mawe badala ya kuuondoa. Wengi Ulaya walikasirika. Kwa mtu anayetazama kutoka pwani ya Afrika Mashariki, hasira hiyo inahitaji kuwekwa kando ya tarakimu nyingine: tangu viwanda vianze, karibu robo ya hewa yote ya ukaa iliyotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe imetoka Marekani, na Afrika nzima imetoa takriban asilimia 3.

Uingereza, iliyofungua kituo cha kwanza cha umeme wa makaa ya mawe kwa wateja wa kawaida London mwaka 1882, ilifunga kile cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Ilichukua miaka 142. Utoaji wake wa hewa ya ukaa ndani ya mipaka yake umeshuka hadi karibu nusu ya ulivyokuwa mwaka 1990 huku uchumi ukikua, na hilo ni ushahidi wa kweli kwamba ukuaji na ukaa vinaweza kuachana. Lakini chuma, vyombo na nguo nyingi ambazo Waingereza walikuwa wakizitengeneza wenyewe sasa hutengenezwa Asia, na moshi wake huhesabiwa kwa Waasia. Hata ukiurudisha moshi huo kwa mnunuzi, Uingereza bado imepungua, ila si kwa kiasi kile kinachotangazwa.

Kuna mfano mmoja ambao naona haupewi nafasi inayostahili, nao ni Afrika Kusini. Kama makaa ya mawe yangekuwa ndiyo ngazi ya ukuaji, nchi hiyo ingekuwa juu kabisa. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake umetokana nayo kwa miongo mingi, mkoa wa Mpumalanga umejaa migodi na mitambo, na bandari ya Richards Bay ni miongoni mwa milango mikubwa ya kuuza makaa hayo duniani. Hata hivyo kuanzia mwishoni mwa 2007 wananchi walianza kuzoea mgao wa umeme, na mwaka 2023 mgao huo ulikuwa mbaya kuliko miaka yote iliyotangulia. Mtambo wa Medupi, wa megawati zaidi ya 4,700, ulianza kujengwa 2007 na ukakamilika 2021, kwa gharama iliyopita sana makadirio ya mwanzo. Mitambo ya zamani ilikuwa imechakaa, matengenezo yalikuwa yameahirishwa, na ufisadi ulikuwa umeingia hadi kwenye mikataba ya makaa yenyewe. Makaa yalikuwepo wakati wote. Kilichokosekana ni shirika linalofanya kazi, na hakuna mgodi ambamo kitu hicho huchimbwa.

Tuje nyumbani. Kiswahili cha Kenya huuita umeme stima, neno lililoanza kwa kutaja meli ya mvuke, na pengine ni mabaki ya zama ambazo nguvu yoyote ya kisasa ilikuwa na tanuri la makaa ndani yake. Stima ya leo haina. Takriban asilimia 90 ya umeme unaofuliwa Kenya hutokana na vyanzo visivyochoma kitu: mvuke wa ardhini wa Olkaria ukiongoza, kisha maji, upepo na jua. Hapa Mombasa tulichelewa kuufaidi. Kwa muda mrefu mji ulitegemea sana mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai, mpaka laini ya msongo mkubwa kutoka Nairobi ilipokamilika mwaka 2017 na umeme wa Bonde la Ufa ukaweza kushuka kwa wingi hadi pwani. Mitambo ya mafuta bado huwashwa, hasa saa za jioni.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja pendekezo la mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, katika eneo la Kwasasi, kaskazini mwa mji ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa kutoka China, na makaa ya mwanzo yangeletwa kutoka Afrika Kusini. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na athari za tabianchi hazikuangaliwa kama sheria ya mwaka 2016 inavyotaka. Mwaka uliofuata benki ya China iliyotarajiwa kukopesha ilijitoa, na Septemba 2021 Rais Xi Jinping akatangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya mipaka yake.

Watu wa Lamu walipigania bahari, uvuvi na afya, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mimi ningependa kuongeza hoja kavu zaidi, ya hesabu, kwa sababu ndiyo itakayohitajika pendekezo la aina hiyo likija tena. Mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya, saa ile ya jioni ambapo kila mtu amewasha kila kitu, yalikuwa megawati 1,900 hivi. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya kilele hicho. Usiku wa manane mahitaji hushuka sana, na tayari kuna nyakati ambapo mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa kukosa mnunuzi. Mtambo wa makaa ya mawe hauwashwi na kuzimwa kama jiko la gesi. Unachukua saa nyingi kupata moto na unapenda kuunguruma mfululizo. Kwa hiyo ungeshindana na mvuke wa ardhini, ambao nchi imekwisha kuuchimbia visima na kuulipia.

Na usingeweza tu kuzimwa ukasahaulika. Mikataba ya mitambo ya aina hii huwa na malipo ya uwezo, ambayo yanafanana na kukodi tuktuk ya kupeleka watoto shule kwa malipo ya mwezi: shule ikifungwa Agosti, dereva bado atakuja mlangoni kuchukua pesa zake, kwa kuwa ulimlipia awepo, hukumlipia safari. Mkataba wa mtambo wa umeme huenda miaka 25. Kufikia mwaka 2025 kilele cha mahitaji ya Kenya kilikuwa kimefika kama megawati 2,300, ongezeko la megawati 400 hivi katika miaka sita. Yeyote anayetaka kujua bili yake ya stima ingekuwaje aanzie hapo.

Kuhusu hewa ya ukaa, tuchukulie kwa upole kwamba mtambo huo ungefanya kazi kwa asilimia 60 tu ya uwezo wake. Ungefua saa za megawati milioni tano na nusu kwa mwaka, na kwa kuwa kila saa ya megawati kutoka makaa ya mawe hutoa karibu tani 0.9 za hewa ya ukaa, jumla ingekuwa karibu tani milioni 5. Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakitunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hati za ukaa, yaani vyeti vya kiasi cha hewa ya ukaa ambacho mikoko hiyo huzuia isibaki angani, kwa takriban tani 3,000 kwa mwaka, mapato ambayo yameleta maji na vifaa vya shule. Ingehitajika miradi kama hiyo zaidi ya 1,600 kufuta moshi wa mtambo mmoja, na pwani yote ya Kenya haina mikoko ya kutosha.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba Kenya imeruka mtego, na katika umeme hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini makaa ya mawe yanayoshushwa Kilindini hayajapungua kwa sababu ya hukumu ya Lamu, maana hayakuwa yakienda kufua umeme. Hapa ndipo mjadala wetu wa hadhara unapopotea: tumepigana na mtambo ambao haujajengwa, na tumeyapita kimya matanuri yanayowaka kila siku.

Wazee wa pwani hawahitaji kufundishwa saruji inavyotengenezwa, kwa sababu nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa elimu hiyo hiyo. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji, ikapatikana chokaa nyeupe ya kujengea na kupakia kuta. Kinachotokea ndani ya moto huo ni kwamba jiwe la chokaa linapasuka likawa vitu viwili: chokaa inayobaki, na hewa ya ukaa inayoruka. Ukuta ukikaa, chokaa yake huvuta taratibu hewa ya ukaa na kurudia ujiwe, na ndiyo sababu kuta za zamani ni ngumu hivyo. Kiwanda cha saruji kama kile cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kwa kutumia matumbawe hayo hayo ya kale, hufanya kazi ile ile kwa ukubwa wa kutisha: mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo, huingizwa katika tanuri refu linalozunguka, na kupashwa moto hadi nyuzi 1,450 hivi, mpaka yanakuwa madonge magumu yaitwayo klinka, ambayo husagwa tena kuwa unga tunaoununua kwa mifuko.

Katika hewa ya ukaa inayotoka kiwandani, takriban asilimia 60 hutoka kwenye jiwe lenyewe, na iliyobaki hutoka kwenye makaa ya mawe na vitu vingine vinavyochomwa ili kupata joto. Hata ukilipasha tanuri kwa umeme safi wa Olkaria, jambo ambalo bado ni la majaribio duniani, ile sehemu kubwa itaendelea kuruka. Kwa jumla saruji huchangia asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Chuma kina tatizo la jamaa yake: katika tanuri la kawaida makaa ya mawe hayatoi joto tu, huingia katika kemia na kuliondolea jiwe la chuma oksijeni yake, na kila tani ya chuma huja na karibu tani mbili za hewa ya ukaa. Na nikeli ya Indonesia, ambayo sehemu yake huishia katika betri za magari yanayosifiwa kwa kutotoa moshi, huyeyushwa katika kisiwa cha Sulawesi kwa umeme wa mitambo ya makaa ya mawe iliyojengwa ndani ya maeneo ya viwanda, nje ya gridi ya taifa.

Hivyo basi, nchi inayoinukia ina maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Kwa umeme, jambo la nne katika hesabu ya Kaya, yaani hewa ya ukaa kwa kila kipimo cha nishati, linaweza kushushwa leo bila kugusa ukuaji, hasa kwa nchi ambayo haijajenga mitambo ya makaa ya mawe na hivyo haina deni la miaka 40 la kuilinda. Kwa joto la viwandani, na kwa mji unaojenga maghorofa kama huu wetu, hakuna mbadala ulio tayari kwa ukubwa unaohitajika, na ni uongo kuwaambia watu upo. Umoja wa Ulaya umeanza kutoza bidhaa zinazoingia kwake, zikiwemo saruji, chuma na mbolea, kulingana na ukaa uliotolewa wakati wa kuzitengeneza, na ushuru huo umeingia katika awamu yake kamili mwaka 2026. Saruji ya Kenya huuzwa zaidi hapa nyumbani na kwa majirani, kwa hiyo hautatupiga moja kwa moja leo. Nchi kama India, inayouza chuma kingi Ulaya, tayari imelalamika kwamba tajiri anaweka kizuizi cha biashara na kukiita mazingira.

Kinachoweza kufanyika katika tanuri ni kidogo kidogo. Baadhi ya viwanda huchanganya makaa ya mawe na maganda ya mchele, makapi ya mashambani au matairi chakavu. Kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni kupunguza klinka yenyewe ndani ya mfuko, na kuijazia kwa vitu visivyohitaji kuokwa. Kenya ina bahati ya volkeno: majivu yake ya kale, pozolana, huchimbwa bara na kusagwa pamoja na klinka. Mfuko wa saruji ulioandikwa 32.5 dukani, namba inayotaja daraja la nguvu yake, kwa kawaida una pozolana nyingi na klinka chache kuliko ule wa 42.5, nao unatosha kabisa kwa kujengea matofali, kupiga plasta na kumwaga sakafu ya nyumba ya chini. Mafundi wengi wa Kisauni na Likoni huuchagua kwa sababu ni wa bei nafuu. Wenye nyumba wengine humsukuma fundi anunue wa 42.5 kwa kazi yote, wakiamini kwamba namba kubwa ndiyo nyumba imara, na kwa ukuta wa uzio huo ni ukaa na pesa zilizomwagwa bure.